Hongo ya Sauti: Redio za Ridhaa, Dijitali na Njia ya Ulyankulu

Neno hongo halikuzaliwa na maana ya rushwa. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watawala ambao ilibidi ipite katika nchi zao na kunywa maji ya visima vyao. Ililipa vitambaa, shanga, waya wa shaba na baruti. Ugogo ilitozwa, na magharibi ya Unyanyembe alitoza Mirambo, ambaye kati ya 1871 na 1875 alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora juu ya swali moja kubwa: njia ni ya nani? Hakuna aliyelipa hongo kwa kuvutiwa na bidhaa ya mtozaji. Alilipa kwa sababu hapakuwa na pa kupita pengine.

Nalirudisha neno hili katika maana yake ya kale kwa sababu ya mjadala ambao baadhi ya wasomaji wangu watauona ni wa watu wachache wenye mapenzi na nyaya. Waendesha redio za ridhaa duniani wanabishana kama sauti ya analojia iachwe na nafasi yake ichukuliwe na sauti ya dijitali. Mimi ni mmoja wa watu hao wa nyaya, na kazi yangu ya mchana ni kufundisha masuala ya jamii na siasa. Kadiri ninavyousikiliza ubishi huu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba haumo katika uhandisi peke yake. Ni ubishi juu ya nani anamiliki njia ambayo sauti ya mtu hupita.

Kwa asiyefahamu, redio ya ridhaa ni ile ya mawasiliano ya pande mbili inayoendeshwa na raia mwenye leseni, bila biashara, kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wenzake. Hapa kwetu leseni hutolewa na TCRA, na alama zetu za wito huanza na 5H. Za Kenya huanza na 5Z, za Uganda 5X, za Burundi 9U, za Kongo 9Q. Oman wana A4, na hayati Sultani Qaboos mwenyewe alikuwa na alama yake, A41AA. Chama cha redio za ridhaa cha nchi hiyo kimekuwapo tangu 1972. Nakitaja kisa cha Oman kwa sababu kati ya Tabora na Maskati kuna udugu wa damu na wa lugha ulioachwa na njia ileile ya misafara. Kiswahili kinachozungumzwa barazani Tabora kinaeleweka katika nyumba nyingi za Maskati, na katika masafa ya megahezi 14 kinaweza kuvuka bahari bila kupitia mkono wa mtu wa tatu.

Tofauti yenyewe si ngumu kuieleza. Katika analojia, sauti ya msemaji hulitikisa wimbi la redio moja kwa moja; wimbi hucheza kama sauti inavyocheza, na mpokeaji hulifuata wimbi hilo na kulirudisha kuwa sauti. Redio yoyote inayopokea wimbi la aina hiyo italisikia, iwe imetengenezwa mwaka 1975 au mwaka jana, iwe ya Japani au imeunganishwa na fundi juu ya meza ya mbao. Katika dijitali, sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20. Kila kipande hupita katika mtambo mdogo wa hesabu uitwao vokoda, ambao hauihifadhi sauti bali huandika maelezo yake: ni nyembamba au nene, ina nguvu kiasi gani, koo na mdomo vilikaa vipi wakati ikitoka. Maelezo hayo ndiyo yanayorushwa hewani kama tarakimu, kisha vokoda ya upande wa pili husoma maelezo na kuunda sauti mpya inayofanana na ya kwanza. Simu ya kawaida ya dijitali huipa sauti biti 64,000 kwa sekunde. Katika D-STAR, mfumo ulioasisiwa na chama cha redio za ridhaa cha Japani, sauti hupewa biti 2,400 tu, na nyingine 1,200 huwekwa kando kwa ajili ya kusahihisha makosa. Kwa hiyo unachosikia ni mchoro wa sauti ya mwenzako, uliochorwa upya kwa ustadi wa hali ya juu.

Mchoro huo ukiwa mzima, unapendeza. Swali ni unavyokuwa unapoharibika.

Watanzania wengi wa rika langu tuliijua Ulyankulu kwa kaseti kabla ya kuijua kwa ramani. Kwaya za huko, ile ya Barabara ya 13 na wenzao, zilisikika katika mabasi, maduka na sebule za nchi nzima, na wengi waliokuwa wakiimba nazo hawakujua kwamba hizo barabara zenye namba zinatokana na mpango wa makazi ya wakimbizi. Kaseti ile ilinakiliwa kutoka kaseti nyingine, ambayo nayo ilikuwa nakala. Kila nakala iliongeza mkwaruzo na kupunguza besi. Hata hivyo nakala ya tano bado uliimba nayo, kwa maana sikio la binadamu ni hodari wa kuokota maneno katika kelele. Sauti ya analojia redioni huzeeka hivyohivyo. Kadiri kituo kinavyokuwa mbali, mvumo huongezeka, maneno hufifia, lakini mtu akirudia jina mara tatu utalipata.

Dijitali haizeeki, hufa ghafla. Mpaka kwenye ukingo wa uwezo wake inasikika kana kwamba mwenzako yuko chumbani, na hatua moja baada ya hapo unasikia kimya, au vipande vya sauti ya chura aliyefungiwa ndani ya debe. Kwa mtu anayepiga soga jioni, hilo ni kero ndogo. Kwa mganga wa zahanati anayejaribu kufikisha maneno mawili, "damu" na "haraka", katika mvua ya Februari, ndio mpaka kati ya kusikika na kutosikika kabisa. Mkwaruzo humwambia mpokeaji kwamba kuna mtu upande wa pili anayehangaika kusema kitu. Kimya cha dijitali hakimwambii lolote.

Nisieleweke vibaya. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawajawahi kushika kaseti, huniuliza kwa nini mtu avumilie kelele ilhali upo usafi, na swali lao ni la haki. Mfumo wa DMR, ambao viwango vyake vilitolewa Ulaya mwaka 2005, hupitisha mazungumzo mawili katika nafasi ya kilohezi 12.5 ambamo analojia hupitisha moja. Masafa ni mali ya umma na hayaongezeki, hivyo kuyatumia vizuri ni jambo la maana kwa taifa. Redio hiyohiyo hurusha kwa nusu ya muda tu, kwa zamu za haraka ambazo sikio halizitambui, na hivyo betri yake hudumu zaidi. Mahali ambapo chaji inatoka kwenye sola ya darini, hiyo si faida ya kudharau. Inaweza kutuma utambulisho wa msemaji na mahali alipo pamoja na sauti. Ndani ya eneo lake, mzee mwenye masikio mazito humwelewa msemaji kuliko angemwelewa katika mvumo. Anayesema kwamba dijitali ni fasheni tupu hajaitumia.

Ugomvi wangu uko kwenye vokoda. Ile inayotumika katika D-STAR, katika DMR na katika mfumo wa kampuni ya Yaesu ulioingia sokoni mwaka 2013 ni ya ukoo mmoja uitwao AMBE, na mwenye nao ni kampuni moja ya Massachusetts, Marekani, iitwayo Digital Voice Systems. Jinsi inavyofanya kazi ni mali ya kampuni hiyo. Anayetaka kuitumia kihalali hununua chipu au leseni. Na pamoja na kuwa mifumo yote mitatu imekunywa katika kisima kimoja, haisikilizani: kila mmoja hufunga tarakimu zake kwa namna yake, hivyo watu watatu wenye redio tatu za dijitali katika masafa yaleyale wanaweza kukaa kilima kimoja na kila mmoja akabaki kiziwi kwa mwenzake. Wakirudi kwenye analojia, wote watatu husikilizana papo hapo. Kichekesho hiki sijawahi kukisoma katika tangazo lolote la mauzo.

Kijana aliyesoma umeme katika chuo cha VETA pale Tabora anaweza kuunda redio ya mawimbi mafupi ya analojia kwa transista, koili na kondensa, nyingine akizichomoa katika vifaa vibovu. Ikiharibika ataifungua na kuifuatilia kasoro hatua kwa hatua mpaka aipate. Redio za ridhaa zilijengwa juu ya uwezo huo: kwamba hakuna sehemu ya chombo ambayo mwenye akili na subira amekatazwa kuijua. Vokoda iliyofungwa ndani ya chipu inaukata uwezo huo katikati. Kijana wetu ataweza kuinunua, lakini hataweza kuiunda, kuichunguza wala kuiboresha. Hapo ndipo ninapoiona hongo: lango limewekwa mahali ambapo sauti ya mtu inageuka kuwa tarakimu, na ufunguo wake uko mbali.

Nitaambiwa kwamba redio za DMR kutoka Uchina zimeshuka bei sana. Ni kweli, na nimefurahi kwamba zimeshuka. Lakini hongo ya Ugogo nayo, ukiigawa kwa kila mpagazi, pengine ilikuwa vipande vichache vya kitambaa. Kilichouumiza msafara ni kutojua kesho itadaiwa nini, na kutokuwa na uwezo wa kukataa.

Wala hii si hoja dhidi ya tarakimu. Zipo dijitali zisizo na mtoza hongo. Mhandisi wa Australia, David Rowe, ameandika vokoda iitwayo Codec 2 ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuinakili na kuibadilisha. Ndiyo inayotumika katika FreeDV, njia ya sauti ya dijitali kwa mawimbi mafupi. Mwaka 2019 nchini Poland ulianzishwa mradi wa M17, unaojenga mfumo mzima wa redio za mkononi juu ya vokoda hiyohiyo huria. Nani amewahi kuipima Codec 2 kwa Kiswahili, kwa sauti za watoto na wazee, katika upepo na mlio wa pikipiki? Hiyo ni tasnifu ya shahada ya kwanza inayomsubiri mwenyewe. Kirundi na Kinyamwezi ni lugha zenye toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana; ningependa kuona mtambo unaochora upya sauti ukifanyiwa majaribio kwa wasemaji wa lugha hizo kabla ya mtu yeyote kuuidhinisha kwa kazi ya kuokoa maisha yao.

Lipo pia suala la intaneti, ambalo wapenzi wa dijitali hulipitia mbio. Sehemu kubwa ya raha ya redio za dijitali leo ni kwamba mtu wa Tabora, akiwa na kituo kidogo cha mezani chenye nguvu isiyozidi ya taa ndogo ya kiashiria, anaweza kuzungumza na London. Anachosahau ni kwamba sauti yake husafiri hewani mita chache tu kutoka mkononi hadi mezani, na safari yote iliyobaki hubebwa na intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Sababu za matukio hayo mawili ni tofauti kama mbingu na ardhi, na la pili nimelijadili na nitaendelea kulijadili mahali pake. Kwa mada ya leo matokeo ni mamoja: kituo kile cha mezani kilikuwa pambo. Redio ya ridhaa si chombo cha siasa, na kanuni za kimataifa zinaibana ndani ya majaribio, mafunzo na mazungumzo ya kawaida, zikiruhusu kubeba ujumbe wa watu wengine wakati wa dharura na maafa. Lakini dharura haiulizi kwa nini mtandao haupo. Uchungu wa uzazi huanza hata siku ambayo mkongo umekatika.

Dunia imeliona hili. Desemba 2004, kikundi cha waendesha redio za ridhaa wa India kilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kwa shughuli ya kawaida ya kujaribu mawasiliano ya mbali. Tarehe 26 ilipigwa tsunami. Simu zilikufa, na kikundi kile kilichoongozwa na Bharathi Prasad kikawa daraja kati ya visiwa na bara. Walitumia mawimbi mafupi, wakirusha kutoka antena yao moja kwa moja hadi upande wa pili, bila mkongo wala mnara wa kampuni yoyote katikati.

Kwa nini basi niing'ang'anie Ulyankulu, ambako hakuna bahari wala tsunami? Kwa sababu historia ya mahali hapo ni historia ya watu waliokatiwa mawasiliano. Mwaka 1972, mauaji yaliyofanyika Burundi chini ya utawala wa Micombero yalisukuma maelfu kwa maelfu kuvuka mpaka, na Serikali ya Mwalimu ikawapa makazi katika misitu ya miombo: Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, ambako sehemu ya wakazi wa Ulyankulu walihamishiwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Walifyeka, wakalima, wakalisha wengine. Tangu 2010 watu wapatao 162,000 wa makazi hayo matatu wamekubaliwa uraia wa Tanzania, hatua ambayo sidhani kama tumeitafakari kwa uzito unaostahili. Ni watu ambao wazazi wao hawakujua kwa miaka mingi kama ndugu waliobaki wako hai. Na ardhi yenyewe bado ni ileile: vijiji vimetawanyika, mrina asali huenda msituni siku nyingi, barabara huwa tope wakati wa masika. Mfumo wa m-mama, ambao mjamzito au mhudumu huupigia bure kwa namba 115 kupata usafiri wa dharura, ni moja ya mambo mazuri yaliyofanyika katika afya ya uzazi nchini. Lakini unaanza na simu, na simu huanza na mnara ulio hai.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanalijua somo hili kuliko sisi. Mashariki ya Kongo, ambako barabara zilikufa kabla ya simu za mkononi kuzaliwa, watu walikwenda kwenye fonie: redio ya mawimbi mafupi ya misheni, ya hospitali au ya mfanyabiashara. Mtu alilipa, akangoja zamu, akaita kijiji cha mbali, na umati mzima uliokuwa mlangoni ulisikia nani amefiwa, nani amejifungua na nani anadaiwa mahari. Siri haikuwapo, lakini habari ilifika. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2010, Kanisa Katoliki katika maeneo ya Uele, pamoja na shirika la Kimarekani la Invisible Children, liliutanua mtandao wa redio za aina hiyo ili vijiji viarifiane kila siku, asubuhi na jioni, kuhusu nyendo za waasi wa LRA. Sauti ya kawaida, waya juu ya mti, betri ya gari na sola.

Hapa msomaji makini atanisimamisha: sauti iliyo wazi kwa wote imo wazi hata kwa muuaji. Pingamizi hili ni zito na silipunguzi. Yeyote aliyeishi karibu na mpaka wetu wa magharibi anakumbuka pia RTLM ya Kigali, ambayo mwaka 1994 ilitumia analojia ya kawaida kabisa kuelekeza mapanga. Uwazi wa chombo hauifanyi sauti iwe njema. Zipo kazi zinazohitaji faragha, na sina ugomvi na polisi au hospitali zinazotumia redio za kusimbwa. Ninachosema ni kwamba faragha iwe juu ya sakafu ya pamoja na isiibomoe sakafu hiyo. Kanuni za kimataifa za redio za ridhaa zinakataza kusimba ujumbe kwa lengo la kuficha maana yake, na busara ya katazo hilo ni ya kijamii: masafa tuliyopewa bure ni kama baraza la mtaa, na anayeketi barazani hazungumzi kwa mafumbo ili jirani asielewe. RTLM yenyewe ilisikilizwa, ikarekodiwa, na kanda zake zikawa ushahidi mbele ya mahakama iliyoketi Arusha.

Tumewahi kulivuka daraja la dijitali mara moja, na yafaa tukumbuke tulivyolivuka. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, kisha miji mingine kwa awamu. Televisheni ilikuwa na sababu yake: mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe ya mwisho, 17 Juni 2015, na masafa yaliyoachwa yalihitajika kwa matumizi mengine. Hata hivyo, aliyekuwa akitazama bure kwa antena ya darini aliambiwa anunue king'amuzi, na hadi mwaka 2018 tulikuwa bado tunagombana kuhusu chaneli zipi zionekane bure na katika king'amuzi cha nani. Redio za mazungumzo hazina mkataba wa namna hiyo. Hakuna tarehe iliyowekwa Geneva wala penginepo ya kuiua sauti ya analojia katika redio za ridhaa au za dharura. Haraka yote ninayoisikia katika vikao inatoka kwa wauzaji, na kwa maofisa waliozoea kudhani kwamba neno dijitali ni sawa na neno maendeleo.

Ndugu zangu watumishi wa umma, ambao najua mnanisoma hata pale msipokubali, dawa ya jambo hili haihitaji bajeti mpya. Redio nyingi za DMR zilizoko sokoni zinaweza kuzungumza analojia pia. Ni swichi tu. Basi andikeni kifungu kimoja katika nyaraka za zabuni: kila redio ya dharura inayonunuliwa kwa fedha ya umma iweze kusikia na kusema kwa analojia katika masafa ya pamoja yanayojulikana na wilaya nzima, na masafa hayo yapangwe kabla redio hazijafika. Kifungu cha pili kimtake muuzaji aonyeshe redio zake zikifanya kazi pale zitakapotumika, kati ya zahanati na hospitali, siku ya mvua, zikizungumzwa na wahudumu wenyewe kwa lugha zao. Onyesho la ukumbini Dodoma, ambako redio mbili ziko meza mbili tofauti, halipimi chochote. Na anayesema vokoda yake ni bora aulizwe nani atairekebisha miaka kumi ijayo ikiwa kampuni imefungwa au imebadili bei.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina ombi dogo. Haki ya mawasiliano tumeizoea kuidai kwa maneno ya sheria, na tufanye hivyo. Lakini haki hiyo ina mwili: waya, betri, masafa, leseni, mtu anayejua kuungilisha. TCRA wanaweza kusaidia sana kwa kuhakikisha mafunzo na mitihani ya redio za ridhaa vinapatikana kwa Kiswahili na vinafika wilaya kama Kaliua, na vyuo vyetu vinaweza kuanzisha klabu bila kungoja mfadhili. Antena ya nusu wimbi kwa megahezi 7.1 ni waya wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kuning'inizwa juu. Mchana wimbi lake hupanda hadi tabaka la ionosfia na kurudi chini kuzunguka eneo la mamia ya kilomita. Kigoma, Mpanda na Shinyanga zote zimo ndani yake. Nguzo si tatizo. Mkoa wa Tabora umejaa miembe iliyopandwa na watu wa misafara, na miwili iliyosimama kwa umbali unaofaa inatosha.